Bipu

Zamu ya usiku, Mtumba. Kiyoyozi kinakoroma.
Nje upepo wa Dodoma unasugua vumbi kwenye vioo
kama mtu anayepapasa kutafuta mlango.
Ndani ni mimi, chupa ya chai,
na skrini yenye vitone mia mbili na kumi na kimoja, vyote kijani.

Kila kitone ni mashine mahali fulani:
zahanati ya Bahi, ghala la mahindi Kibaigwa,
masijala ya Kondoa, chumba cha nyuma kule Mpwapwa
ambako seva inalala na mafaili yaliyoonjwa na mchwa.
Na ndani ya kila mashine nimemweka wakala.

Mama aliposikia "wakala" alifurahi.
"Kumbe siku hizi unatoa na kuweka pesa!"
Hapana, mama. Huyu hana kibanda wala mwavuli.
Ni programu ndogo, mashine yenyewe haimhisi;
anadonoa punje moja ya kumbukumbu, ameshiba.
Anatazama joto limefika ngapi,
diski imebakiza nafasi gani,
nani amebisha hodi mara tatu kwa nywila ya uongo.
Kila dakika ananitumia neno moja:
nipo.

Mama akafikiri. "Basi huyo ni mtoto wa dunguni."
Nikacheka, halafu nikanyamaza.
Miaka saba, juu ya dungu, Hombolo,
teo mkononi, debe bovu miguuni,
uwele umeiva na kweleakwelea wanakuja kama moshi.
Gunia nisingeweza kulibeba.
Kelele niliziweza.

(Tuliwahi kununua mlinzi mnene, wa bei.
Alikagua kila kitu, akaandika ripoti ndefu,
na mashine ikakosa pumzi ya kufanya kazi yake.
Mchunga ng'ombe gani huyu, anayemaliza maziwa?
Tukamwondoa.)

Saa tisa usiku kitone cha Mpwapwa kinageuka njano.
Nyuzi sabini na nane, themanini na moja.
Wakala hakuningoja: ameshasimamisha nakala za usiku,
ameahirisha hesabu zisizo na haraka,
kisha ndiyo akaniita.
Nampigia mlinzi wa zamu, mzee Chidumizi.
Anafungua dirisha, anafungua kifuniko kama nilivyomwelekeza.
"Binti, feni imekwama. Ina mjusi."
Mjusi anatolewa. Hasira zake nazisikia hadi huku.
Sabini na tano. Sitini na mbili. Kijani.

Nanyoosha mkono kuchukua chai, naona simu yangu.

Kila usiku saa tatu mama hunibipu.
Mlio mmoja, anakata. Salio haliguswi.
Maana yake: nimekula, nimekomea mlango, nipo.
Leo hakubipu.
Saa sita zimepita, na mimi macho kodo kwenye skrini.
Mashine ikikaa kimya dakika tatu, ukuta mzima unawaka nyekundu.
Kimya cha mama sikukiwekea kikomo.

Napiga. Inaita, inaita, inaita.
Napiga tena.
Mara ya kumi na saba namwamsha Lechipya, jirani;
namsikia akitafuta kandambili, mbwa wakibweka,
kisha anakata, na mimi nabaki na vitone vyangu
mia mbili na kumi na kimoja, vizima, vya kijani,
na hakuna hata kimoja ninachokitaka.

Ujumbe unaingia: *Yupo. Anakoroma kuliko trekta.
Simu kaisahau dunguni jana akiamia ndege.*

Kwa hiyo nilikuwa naupigia uwele.
Mara kumi na saba, gizani, mwanga mdogo wa buluu
ukiwaka na kuzima juu ya fito.
Labda nimefukuza ngiri.

Saa kumi na mbili na robo. Vumbi limetulia,
Sailowa amefika kunipokea zamu, anauliza usiku ulikuwaje.
Kabla sijajibu simu inalia.
Mlio mmoja.
Sigusi. Naiacha ikate.