Rubuni

Babangu alisema neno hili lina sura mbili:
rubuni, pesa ya kumfunga fundi kwa kazi yako,
na kurubuni, kumvuta mtu kwa utamu asiouonja.
Babangu hakuwa msomi. Aliuza misumari.

Dari ya msana ilianza kunyesha unga wakati wa masika,
unga wa mchwa juu ya kitanda, juu ya sufuria,
juu ya madaftari ya watoto niliyokuwa nikisahihisha.
Usiku nilizisikia boriti zikitafunwa,
kama mtu anayekula bisi gizani na hataki kugawa.

Nikamwita Fundi Famau wa Langoni.
Akaja na penseli sikioni, akazigonga moja moja
kwa kifundo cha kidole, kama daktari kifuani mwa mgonjwa,
akatikisa kichwa.
"Korja nzima, Mwalimu.
Na chokaa magunia sita, na punda wa kubeba.
Nusu mbele."

Nikamwambia: nimefundishwa kumpa mtu ujira wake
kabla jasho lake halijakauka.
Akacheka. "Naam. Lakini jasho nalo, Mwalimu,
halimtoki aliyelala na njaa."

Nikahesabu elfu kumi na nane, noti za mia mbili mbili,
zamu yangu ya upatu niliyoingoja miezi tisa.
Karatasi hakuwa nayo. Akachomoa penseli, akaandika ukutani,
karibu na swichi ya taa:
Nimepokea 18,000. Famau. Jumatatu naanza.

Hakusema Jumatatu ya mwezi gani.

Simu yake akawa anaipokea yule mwanamke mpole
asiyechoka kusema mteja hapatikani.
Nikalaani, nikaleta istighfari, nikalaani tena.
Kitanda nikakisogeza ndani.
Kila nikiwasha taa nikasoma: Nimepokea.
Mwandiko mzuri, lazima nikiri. Ningempa saba kwa kumi.

Mwezi wa tatu muuza mahamri akaninong'oneza:
Famau ameonekana Mkomani, kwa Bi Mwanakheri.
Nikaenda mbio, kiatu kimoja changu, kimoja cha binti yangu.
Fundi hayupo. Kazi imekwisha.
Bi Mwanakheri akanikaribisha, akanimiminia kahawa,
akanionyesha juu kwa fahari:
boriti ishirini, nyekundu, zikinuka bado matope ya mikoko.
Nikazihesabu. Nilijua bei ya kila moja.

"Alinizungusha mwaka mzima," akasema.
"Nusu nilimpa tangu Ramadhani ile, sijui aliipeleka wapi.
Lakini Mungu si Athumani. Mwisho akamfungulia."

Aliyefunguliwa mkoba ni mimi, nilitaka kusema,
niliyeshika kikombe chako.
Lakini mjukuu wake alikuwa amelala pale mkekani, mdomo wazi,
chini ya elfu kumi na nane zangu,
na hapakuwa na unga wa kumwangukia.
Nikanywa. Kahawa ilikuwa chungu. Tende ilikuwa laini.

Famau alikuja Alhamisi, punda watatu, korja kamili,
bila samahani, bila salamu ndefu.
Siku tisa alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa.
Sikumuuliza boriti zimenunuliwa kwa pesa ya nani.
Hapo ndipo ninaporuka kila nikisimulia.
Nikamlipa nusu ya pili, jasho likiwa bichi mgongoni.
Kabla ya kuondoka akapiga chokaa ukutani,
akapitisha mwiko juu ya Nimepokea,
juu ya jina lake, juu ya Jumatatu,
pakawa peupe.

Sasa nalala chali. Dari kimya.
Nahesabu mpaka ishirini, narudi moja.
Huko Matondoni, au Shela, au mlango wa tatu kutoka hapa,
yuko mtu anasogeza kitanda,
anafikicha unga machoni,
anawasha taa na kuusoma ukuta wake.

Siku moja atabisha hodi.
Kahawa ninayo. Tende nimeweka kopo zima.