Mizani ya Bumula

Saa tisa na robo usiku simu ililia.
Mlinzi alisema neno moja: "Umelala."
Alimaanisha mfumo.
Nikavaa gambuti za baba, zinazonizidi vidole viwili,
nikashika njia ya matope hadi kituo cha miwa.

Trekta kumi na moja kwenye foleni.
Miwa inakauka, na kila saa ya kukauka
ni kilo zinazomtoka mkulima bila kuaga.
Mbele kabisa, juu ya bamba la chuma,
mkokoteni wa Makhanu,
na maksai wake wawili, Sukari na Deni,
wanacheua kama hawana habari.

"Binti Walubengo, kompyuta yako inaogopa ng'ombe?"

Nikafungua kipakatalishi juu ya pipa la dizeli.
Msimbo ni wangu, niliuandika kiangazi kilichopita
nikijiona fundi.
Juu, tabaka mzazi: Chombo.
Lina uzito, lina mwenyewe, lina mbinu moja, pima.
Chini yake wana: Lori, Trekta, Mkokoteni.
Kila mmoja alirithi pima bila kuomba,
kama nilivyorithi mimi mwanya wa meno ya mbele,
kisha akaifanya kwa namna yake:
Trekta hutoa uzito wa tela,
Mkokoteni hungoja maksai wafunguliwe.

Hapo sikukosea.
Nilikosea mstari wa mia mbili na arubaini,
nilipokamata Chombo chochote kijacho,
nikakitangulizia mabano, ndani yake neno Trekta,
nikakiamuru: nipe namba ya tela.

Mkaguzi wa msimbo alipitisha.
Yeye husoma maandishi, hapandi mizani.
Aliamini najua ninachosema,
na kwa miezi saba nilijua,
maana hakuna aliyekuja na ng'ombe.

Trekta ukiiita Chombo, haina ubishi;
ni kama kumwita Makhanu mtu.
Ni kule kushuka kunakovunja shingo.
Mabano hayaoti magurudumu.
Hayampi Deni usukani.

Baba alikalia kibanda hiki miaka ishirini na sita,
penseli nyuma ya sikio.
Kwenye fomu ya mshahara walimwandika Kibarua.
Haukuwa uongo, na hapo ndipo penye uchungu:
alikuwa kibarua pia.
Hesabu zilikuwamo ndani yake, zote,
na kila mkulima kwa jina la babu yake,
na sikio la kujua tela lenye mawe chini ya miwa;
lakini kwa jina lile waliloliita
hakuna aliyeweza kumwomba zaidi ya jasho.
Hakupungua. Alilipwa pungufu.

Nikaandika swali: je, wewe ni Trekta?
Nikalitazama.
Nikalifuta.
Kesho italetwa baiskeli yenye mzigo, keshokutwa punda,
na mimi nitakuwa bado nauliza watu kabila langoni.
Nikafuta na mabano yenyewe.
Nikaacha neno moja tu, lile la urithi:
pima.

Aliye Trekta atajua la kufanya.
Aliye Mkokoteni vilevile.

Makhanu akafungua nira.
Sukari akashuka kwanza, Deni akagoma,
akasukumwa matako na mlinzi na mimi,
gambuti moja ikabaki matopeni.
Namba nyekundu zikacheza, zikatulia:
kilo mia sita themanini na nne, baada ya kutoa mkokoteni.

Foleni ikawasha injini.
Nikamwekea risiti mkononi, akaisogeza kwenye tochi,
akasoma polepole, akanirudishia.

"Uzito ni sawa. Jina si sawa."
"Si wewe Makhanu?"
"Ni mimi. Lakini miwa ni ya Nasipwondi.
Mimi ni wa maksai tu."

Nikafungua tena msimbo.
Kwenye tabaka mzazi, mstari wa nane,
nilikuwa nimeandika, bila kufikiri,
kwamba mwenyewe ni yule anayeendesha.