Mizani ya Bukoba

Naijua safari hii bila kuipanda:
kilomita mia na sabini na tano, mstari mnyoofu juu ya maji,
dakika arobaini, upepo ukikubali.
Mwaka wa kumi na moja huu napima mizigo ya watu uwanjani Mwanza,
na kila anayekwenda Bukoba huniuliza, "Ni mbali?"
Huwajibu, "Hata soda hutaimaliza."

Kwa meli ni usiku mzima, injini ikikunguruma ubavuni.
Kwa basi ni Geita, Biharamulo, Muleba,
magoti yakifa ganzi.
Kwa kaka yangu Rugemalira
ni miaka tisa.

Tulipomaliza kumzika baba
alisimama kibanjani, kiganja juu ya mgomba,
akasema, "Mwanamke harithi shina."
Hakupaza sauti. Angepaza, ningemjibu.
Nilikaza kitenge kiunoni nikatafuta usafiri.

Tangu hapo, kila Novemba,
ndege hushuka na mfuko wa senene,
jina langu kwa wino wa bluu,
herufi zake zilezile za kuegemea kushoto.
Salamu hakuna.
Mwaka wa kwanza niliwagawia wapakiaji.
Wa pili niliusahau juu ya kabati hadi ukavunda.
Wa tatu, ukumbi ukiwa mtupu, niliuweka juu ya mizani:
kilo moja na robo.
Wa nne, kilo moja na robo. Wa tano vilevile.
Nikajua anapima.
Usiku ule nilimla senene mmoja, kisha mfuko mzima,
nimesimama, mlango nimeutia komeo.

Novemba hii mfuko haukuja.

Ndege ndogo haina siri: abiria naye hupimwa.
Mabula, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akaniambia, "Panda, dada."
Nikapanda na mkoba, na dagaa kilo mbili wa Igombe,
na sentensi niliyoianza mwaka ule.
Akaisoma namba, akaiandika, hakuitamka.

Tukaruka. Mawe ya Mwanza yakawa kokoto.
Kisiwa cha Kome kikapita kushoto,
nikaianza sentensi: "Kaka, mimi..."
Maji matupu. Nikaifuta.
"Rugemalira, wewe..."
Maji.
Mara Bumbire, mabati yanametameta,
nami bado niko kwenye neno la pili.
Nilitamani meli. Nilitamani tope, pancha,
dereva anayesimama kula wali bila haraka.
Nani aliyeufupisha umbali huu hivi,
na mimi ndiye niliyewatania watu kwa soda?

Matairi yakagusa chini, ziwa lingali dirishani.

Yupo kwenye uzio. Amekonda, shati linampwaya.
Mkono wa kulia, ule wa kuandikia,
una plasta ngumu hadi kiwikoni.
Hakunitazama. Aliitazama ndege, kisha saa yake.
"Mmechelewa dakika sita."

Nami, niijuaye ratiba kuliko sala,
nikasema, "Upepo."

Akaupokea mfuko wa dagaa kwa mkono wa kushoto,
akaupandisha, akaushusha, akaupandisha tena.
"Kilo mbili kasoro," akasema,
tukaanza kutembea.