Kiporo

Walitoka kimya mpaka mezani kwangu.
Nje, Varkaus, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
ziwa limekazwa kama ngozi ya ngoma,
na mimi nagawa makoti kwa namba.

"Kiporo," akasema Tuure, namba kumi na saba,
fundi wa kiwanda cha karatasi, mpiga ngoma wa zamani
wa bendi iliyokufa siku gari lake lilipokufa.
"Wamepasha kiporo, wakaongeza chumvi,
wakatuuzia kwa bei ya karamu."

Raili, mkewe, alikuwa akitafuta glavu ya pili.
"Supu ya njegere ya Alhamisi," akamwambia,
"Ijumaa ni nani hulamba sufuria?"

Foleni ikacheka. Ndimi zikafunguka.

"Ya kwanza walivunja vioo vya hoteli.
Hii wanauliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei!"
"Ya kwanza walichoma gitaa,
hii wamechoma saa mbili zangu."
"Sauti imemkauka yule mwimbaji."
"Na yako je?"

Lazima niseme: ile ya kwanza ilipigwa hapa hapa,
uwanjani nyuma ya kiwanda, miaka thelathini na minne iliyopita.
Nusu ya mji ililipwa soseji moja moja
na kuambiwa: rukeni, pigeni kelele, huyu mtu mnampenda.
Tuliruka. Hatukuwa tunamjua.
Kwa hiyo msimwamini anayesema alikuja kusikiliza muziki;
kila mwenye mvi alikuja kujitafuta.
Reijo alijipata kisogo. Kisogo tu,
lakini chenye nywele, akanunua bia kwa wote.

Eevert, miaka kumi na tisa, pete puani,
hakuiona ya kwanza wala hana haja nayo.
Yeye amependa pale mpiga besi anaposimamisha wimbo
ili atafute miwani yake jukwaani kwa magoti,
na watu elfu tatu wanamngoja
bila hata mmoja kupiga mluzi.
"Huo ndio mwamba," akasema. Tuure akaguna.
Lakini hakumjibu.

Hilkka akaja mwisho, namba arobaini.
Koti lake ni la kiume, la buluu,
mikono imekunjwa mara mbili.
Nikamuuliza, kama nilivyowauliza wote: umeionaje?
"Gitaa lilikuwa juu mno," akasema.
Kisha akanunua tiketi ya kesho.

Kesho akaja. Keshokutwa akaja.
Gitaa, alisema, bado liko juu mno.

Usiku wa nne niliacha makoti yajilinde,
nikaingia nyuma yake, nikasimama ukutani.
Dakika ya arobaini na moja wazee wa bendi wanakaa sebuleni
wanatazama picha za zamani, zile zilizobaki mkasini,
na uwanja wetu ukajaa pazia: Julai, vumbi, soseji.
Kijana mmoja amevaa kofia nyekundu ya sufu, joto lote lile.
Anaruka. Anageuka, si kwa jukwaa, kwa mtu aliye pembeni,
anasema neno ambalo ngoma imelimeza.
Upande wa kulia wa picha kuna kiwiko cha msichana.
Basi. Wanarudi sebuleni, mpiga besi anakohoa.

Mbele yangu, kiti cha safu ya tatu,
Hilkka alikuwa akifunga vifungo vya koti.
Filamu ilibaki na saa nzima.

Jumapili Tuure alirudi, eti alisahau skafu.
Skafu ilikuwa shingoni mwake; mkononi ana tiketi.
"Na wewe," akaniuliza, "unayesikia maoni ya kila mtu,
lako ni lipi?"

Nikampa namba yake, kumi na saba.
"Fupi," nikasema.