Rehani

Karatasi imebandikwa getini kwa gundi ya mahakama,
Mabela, njia ya sita, nyuma ya duka la matairi.
Saa nne asubuhi, joto nyuzi arubaini na tatu,
nami nimesimama kizingitini nasoma Kiarabu kizito
nikimpa mama Kiswahili chake, kijiko kwa kijiko.

Yasemaje?
Yasema nyumba, mama.
Nyumba ya nani?
Ndilo wanalouliza.

Zahor alitia saini mwaka ule
kampuni ya mafuta ilipokuwa ikimwita mhandisi.
Miaka ishirini na mitano, alisema,
kama anayetaja umri wa mtoto.
Akalipa saba.
Kisha kampuni ikapunguza watu,
na Zahor alikuwa mtu.

Jioni simu zikavuka mipaka.
Raya, wa Dubai: huku ni siku thalathini tangu ilani,
halafu mnada, tena kwenye skrini,
hata nyundo huisikii.
Thuwaiba, wa Kuwait: huku nyumba ya kuishi ina heshima yake,
haiguswi hivi hivi;
ila sisi wapangaji, heshima hiyo
twaitazama dirishani kwa jirani.
Mselem, wa Doha, sheria hazijui.
Aliuliza tu: mnadaiwa kiasi gani?
Nikamtajia.
Mtandao ukakatika.

Benki ni zilezile, bango rangi ileile,
kalamu zimefungwa mnyororo mezani kote huko,
wasije wateja wakaziiba.
Deni ukilipakia kwenye gari alfajiri
ukafika nalo Hatta, hubadilika jina na hasira.
Sisi tuliozaliwa tumbo moja
tumelala chini ya kurasa mbalimbali.

Wakili wa hapa ana ofisi juu ya kinyozi.
Alisema: nyumba unayolala
haichukuliwi kwa deni la dukani.
Nikataka kupumua.
Akainua kidole:
ila ile uliyoiweka mwenyewe, kwa mkono wako.

Mkono wa Zahor. Naujua.
Ndio uliochanganya saruji ya ukuta wa nyuma,
fundi alipokimbia na malipo.

Dawa ya deni kulipa, husema wenye nazo.
Duka la dawa hiyo hawalitaji.

Mama hakulia. Akasema:
babu yenu, Wete, aliuza mikarafuu yake kwa bei ya khiyari.
Leo unauza, kesho una hiari ya kukomboa.
Kesho haikufika.
Lakini mnunuzi alikuwa binamu yake,
na babu alipokufa alikuja, akachimba kaburi.
Hawa wa benki, watakuja?

Jumapili akarudi kijana wa mahakama, Mundhir,
kanzu imepigwa pasi, faili kwapani,
bibi yake wa Bububu, kwa hiyo salamu zilichukua robo saa.
Alitaka saini ya kupokea.
Mama akamwuliza: mwanangu, hili neno lenyewe ni lipi,
hili linalotutoa?
Akaona haya. Akasema taratibu:
rehani, bibi.

Mama akainuka, akapita jikoni,
akatoka uani na kitawi kibichi
cha ule mrehani alioumwagilia maji ya kuoshea mchele
miaka saba, miezi ileile ya Zahor.
Akamwekea juu ya faili.
Hii ndiyo rehani ninayoijua mimi, akasema.
Chukua. Ile yenu nirudishie.

Kijana alinusa. Alicheka kidogo, kisha hakucheka.
Nikatia saini. Tarehe ya mnada haikusogea hata siku moja.

Usiku huu nimemkuta jikoni na mkasi,
amepanga glasi za chai dirishani, maji nusu,
kitawi kimoja kila glasi.
Huota mizizi humu humu, asema, hauhitaji kiwanja.
Amezibandika plasta, ameandika kwa mkono unaotetema:
Raya. Thuwaiba. Mselem, ingawa hakupiga tena.
Ya nne ina plasta, haina jina.
Nimemwuliza ya nani.
Amenipa kalamu.