Mkono wa Shoto

Mnadani Darajani, baada ya alasiri,
Vuai aliuza kwanza feni isiyozunguka,
kisha birika la shaba, kisha saa ya ukutani
iliyosimama saa nne na robo, ya siku gani sijui.
Halafu akaivika ngumi yake kofia,
akaizungusha tuione pande zote.
“Ya kale hii! Ya mkono! Nani ataanza?”

Nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya samli.
Ukingo umeliwa na paji la mtu,
na ndani doa la mafuta ya nazi
lenye umbo la kichwa kisichokuwapo.

Mie sikuja kutafuta kofia.
Nilifuata sufuria.

Lakini uzi ule ulilalia kushoto.

Bi Mize wa Limbani, Wete, shangazi yangu,
alishona kwa mkono wa shoto,
mkono aliochapiwa chuoni mpaka fimbo ikamchoka.
Kula, alikula kwa kulia, kama watu.
Sindano aliiachia mwenyewe ichague.

Ukumbini, juu ya mkeka,
bafta mbili zimelaliana, ua limechorwa kwa penseli.
Mie natoboa kwa mwiba wa mlimau,
yeye anazungushia uzi, tundu kwa tundu,
hadi kila tundu liwe jicho la dagaa.
“Usikimbilie, mwanangu.
Tundu halizibiki.
Hushonewa ukingo tu.”

Kofia moja, miezi miwili.
Mnunuzi alikuja Alhamisi, akaipima kwenye goti lake,
akatafuta kasoro, akaikosa, akapunguza bei vilevile.
Humo mkatoka mafuta ya taa, sukari nusu ratili,
na madaftari yangu ya darasa la sita.
Kofia zikapanda meli kwenda Unguja.
Hatukupata kuona hata moja kichwani mwa mtu.

“Sitini!” Kijana, miwani, mkoba begani.
“Sabini!” Sauti hiyo ilikuwa yangu, ikanishtua.

Nikaomba niishike.
Safu ya tatu, juu ya sikio,
matundu saba yamepinda yakiteremka
kama sisimizi walionusa sukari.

Hapo nilisinzia.

Taa ilikuwa ndogo, mvua ya masika juu ya bati,
na mwiba ukaenda ulikotaka wenyewe.
Asubuhi nikangoja kukemewa.
Hakufumua, wala hakusema.
Alinifuata tundu kwa tundu,
akaushona usingizi wangu kama ulivyo.

Kijana aliinama begani kwangu
akamwonesha mwenzake kwa kidole:
“Hebu tazama hapa ilivyokwenda upogo.
Mashine haiwezi kukupa hiki.
Hiki ndicho ninachokitaka.”
“Themanini!” akasema.

Tisini nilikuwa nayo, imefungwa pembeni mwa kanga.
Vuai alinitazama. Akahesabu moja.
Akahesabu mbili, polepole, kwa ajili yangu.

Kwangu ingelala kabatini, chini ya mashuka,
na karafuu mbili za kufukuza nondo.

Yeye aliivaa palepale, noti bado mkononi.
Ikamkaa.

“Unazijua kofia, mama?”
“Kidogo,” nikamwambia,
nikanyoosha mkono, nikamgeuzia taratibu
mpaka ile safu iliyopinda
ikakaa upande wa shoto.

Sufuria nilipata.
Haina mfuniko.