Gonga Kwanza

Karatasi imebandikwa mlangoni kwa plasta ya kidonda:
GONGA KWANZA, kwa kalamu ya zambarau,
na chini yake, kwa herufi ndogo: hata wewe, baba.

Hata mimi,
niliyekesha naye siku za surua
mama yake akiwa Bari, akiogesha wazee wa watu
ili sisi huku Kutaisi tulipe gesi.
Mimi niliyejifunza kusuka nywele kwa unga wa ngano,
nikipishanisha vipande vitatu vya donge mezani
hadi vidole vikazoea.

Sasa Tekle anajisuka mwenyewe. Upande mmoja umelegea.
Nanyamaza.

Jumatatu akataka nimwache penye duka la viatu,
hatua mia mbili kabla ya geti la shule.
"Unanukia mkate," akasema, bila ukali,
kama mtu anayetaja hali ya hewa.
Nikasimama kumhesabia hatua zake mia mbili.
Zikaishia mia na sabini na moja.

Jana usiku nilisikia kama kilio, nikausukuma mlango.
Kumbe anacheka, na rafiki yake, kwenye simu.
Kicheko kikakatika aliponiona.
Sikuomba radhi. Kwa mtoto wa miaka kumi?

Alfajiri nikibandika mikate ukutani mwa tanuri
nikajiona nilivyo mjinga. Kazi ya miaka ishirini:
unabandika, unatoa mkono upesi, unangoja.
Anayechungulia kila mara huunguza nyusi zake,
na mkate haumjali.

Leo nimegonga. Kimya. Nimegonga tena.
"Nani?" Kana kwamba tuko kumi humu ndani.
"Muuza mkate."
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Mkono ukatoka, wino kwenye kidole gumba,
ukachukua ile ncha iliyokauka
aliyoipenda tangu ana meno manne.
"Jana nilikosea," nikauambia mkono.
Mkono ukasita, kisha ukaingia na ncha yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo.
Mimi ufa huu siuzibi.
Wala siupanui.

"Baba," mdomo umejaa, "huku nyuma panafumuka.
Njoo... la, subiri. Nakuja mimi.
Nageuza mgongo. Usiangalie chumba."

Nikasuka pale mlangoni,
macho nimeyafumba.